Mita ya Tarakimu na Mlinzi Wake

Ndugu askari na polisi, wasikilizaji wetu,

Zamani shirika la umeme lilimtuma karani kusoma mita, kisha ankara ikafuata, na deni likafuata ankara. Siku hizi, Gitega kama Muyinga, mteja wa REGIDESO mwenye mita ya Cash Power hulipa kwanza, hupewa mfululizo wa tarakimu, huzibonyeza, ndipo taa huwaka.

Mashirika yameupenda utaratibu huu, na yana haki. Nchini Uganda, upotevu wa umeme katika mtandao wa kampuni ya Umeme ulikuwa kiasi cha asilimia 38 mwaka 2005. Kabla mkataba wake haujakwisha Machi 2025, ulikuwa umeshuka chini ya nusu ya hapo. Mita za kulipia kabla, zilizoanza mwaka 2011, zilichangia, ijapokuwa si peke yake. Lakini mita haizalishi hata wati moja. Umeme wa Gitega hutegemea jua la Mubuga, megawati 7.5 tangu mwaka 2021, pamoja na maji ya mito. Na megawati 80 za Rusumo, ambako maji ya Ruvubu yetu hufikia, hugawanywa kwa nchi tatu.

Hapa ndipo neno linapowahusu ninyi. Adui wa umeme alizoeleka kuwa mwizi wa nyaya au mwenye baruti. Tarehe 23 Desemba 2015, nchini Ukraine, wavamizi walizima umeme wa wateja zaidi ya 200,000 bila kuvuka ua wowote: waliingia katika kompyuta za makampuni na kufungua swichi kutoka mbali. Julai 2019 ikawa zamu ya Johannesburg. Programu ya ulaghai ilifunga kompyuta za City Power, na watu wenye fedha mkononi wakashindwa kununua umeme. Nalo shirika la Eskom, huko huko Afrika Kusini, limekiri kwamba mfumo wake wa kuuzia umeme uliingiliwa, tarakimu zikatolewa kwa njia haramu. Mwizi wa namna hii hakamatwi kwa doria ya usiku.

Hata pasipo adui, hesabu yenyewe yaweza kukwama. Mita nyingi za aina hii duniani zilihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Tanzania na Kenya ziliwataka wateja wabonyeze tarakimu za ziada kabla ya siku hiyo. Ambaye mita yake haikubadilishwa, umeme mpya haukuingia.

Tuseme pia lisilopendeza: kambi nayo ni mteja. Waya unaoipita mita katika nyumba ya afisa ni wizi sawasawa na ule wa raia, tena ni mgumu zaidi kwa fundi wa shirika, asiyethubutu kubisha lango lenye mlinzi mwenye bunduki.

Polisi wa Muyinga atakayeletewa malalamiko ya tarakimu bandia aandike kwanza namba ya mita, tarehe, saa, na mahali zilikonunuliwa. Tarakimu halali huwa na kumbukumbu yake katika mashine iliyoitoa. Hapo ndipo upelelezi uanzie, kabla ya kumkamata muuza duka.