Choo Kigumu cha Watoto Wadogo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Mbezi Luis)



Tumetakiwa kusema habari ambayo wengi wetu huona haya kuitaja, nayo ni habari ya choo cha watoto wetu. Lakini haya haiponyi tumbo. Mtoto wa miaka miwili aliaye kwa uchungu kila aendapo haja huitia nyumba nzima huzuni, na baba aketiye ofisini, moyo wake ukiwa nyumbani, hawezi kuandika barua iliyo sawa.

Kwanza yatupasa kujua choo kigumu ni nini. Si kukosa choo siku moja. Mtoto mchanga anyonyaye maziwa ya mama tu aweza kukaa siku kadhaa bila haja. Ikiwa choo chake ni laini, naye anacheza na kuongezeka uzito, hana ugonjwa. Lakini mtoto aliyekwisha kuanza kula, akipata choo mara mbili tu kwa juma au pungufu, au kikitoka kikavu kama cha mbuzi, huyo amefunga choo.

Jambo hili huanza hivi. Utumbo mkubwa kazi yake ni kunyonya maji. Mtoto akiumia mara moja, huogopa, akajizuia. Husimama pembeni amekaza miguu. Wazazi hudhani anasukuma, kumbe anazuia. Kadiri choo kikaavyo ndani ndivyo kikaukavyo, na kikitoka huumiza zaidi. Mwishowe utumbo hutanuka na kupoteza hisia yake, na maji machafu hupenya kando na kuchafua nguo. Hapo wengine humpa dawa ya kuzuia kuhara, na wengine humchapa. Yote mawili ni dhuluma, kwa maana mtoto haharishi, wala hakukusudia.

Nasi tukaao Mbezi tuna sababu yetu wenyewe. Twaondoka alfajiri kushika Barabara ya Morogoro kwenda mjini, na mtoto huachwa na dada wa kazi. Baada ya chakula ndipo tumbo hutaka kujifungua lenyewe. Nasi ndipo tunapomharakisha. Tena watoto wengine huliogopa shimo la choo, ambalo machoni pao ni kisima.

Wazee wa pwani walijua dawa ya haraka hiyo. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries waliandika habari za Wadigo wa Kenya: mama huanza kumzoeza mtoto tangu majuma ya kwanza, akimkalisha kwa upole juu ya miguu yake, bila kumpiga wala kumkemea, na watoto wengi walikuwa wakavu usiku na mchana katika mwezi wa 5 au wa 6. Hatusemi kila nyumba ifuate hesabu hiyo. Twasema tu ya kwamba upole na wakati maalum ndizo nguzo.

Basi yafaa kufanya haya. Baada ya chakula, mkalishe mtoto kwenye poti dakika 5, miguu yake ikanyage chini au juu ya kigoda. Akikataa, mwache, ujaribu kesho. Mpe maji safi mara kwa mara. Uji wa dona ni bora kuliko wa sembe, kwa kuwa pumba haikuondolewa. Mpe papai, chungwa, embe, parachichi, mchicha, matembele, kunde na maharage yaliyopondwa. Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku, maana yakijaza tumbo chakula hukosa nafasi. Asali asipewe mtoto asiyetimia mwaka.

Haluli ya watu wazima, na bomba la maji ya sabuni au ya mizizi, tuviache kabisa. Vyaweza kuchoma utumbo na hata kuua. Daktari anazo dawa za kulainisha, kama laktulosi, zifaazo watoto. Lakini zisikatizwe mara choo kinapolainika. Utumbo uliotanuka hutaka majuma mengi, pengine miezi, kurudi hali yake.

Ziko dalili zisizongoja kesho: kutapika nyongo ya kijani, tumbo kuvimba, damu nyingi, homa, au kukonda. Kadhalika, mtoto mchanga asiyepata choo katika saa 48 za kwanza achunguzwe, kwani yawezekana utumbo wake umezaliwa bila mishipa ya fahamu sehemu ya mwisho. Ugonjwa huo una jina la Harald Hirschsprung wa Denmark, aliyeueleza mwaka 1886, na leo hutibiwa kwa kupasuliwa.

Mabwana, msiseme hii ni kazi ya mama. Sisi tuwekao majalada ya serikali kwa taratibu hatushindwi kuandika katika daftari siku za choo za mtoto, na kumpelekea daktari daftari hilo. Wala hatushindwi kuamka robo saa mapema ili mtoto asiharakishwe. Robo saa hiyo ni ndogo kwetu. Kwake ni raha ya mwili wake.