Gharama ya Ahadi: Mhadhara wa Umma juu ya Kuongezwa Aina Ndogo ya Mashine Pepe katika QEMU



Suala nililolichagua jioni hii, ambalo huenda wengi wenu mkalidhania kuwa ni la mafundi peke yao, liliwakabili mwaka 2019 waundaji wa programu huria iitwayo QEMU, nalo lilikuwa hili: je, programu ambayo tayari inajua kuiga mashine za kila namna, kubwa kwa ndogo, za kale na za leo, iongezewe aina nyingine moja ambayo sifa yake kuu ni kutokuwa na vitu ambavyo mashine zote nyingine zinavyo? Jibu lilikuwa ndiyo. Na katika toleo la 4.2, lililotoka Desemba ya mwaka huo, aina hiyo iliingia kwa jina la microvm. Lakini uamuzi kupita si hoja kwisha, nami nakusudia kuzitia hoja hizo mizanini upya, kwa sababu jambo hili aghalabu huzungumzwa kwa lugha ya kasi, ya nani huwaka upesi kuliko nani, ilhali kasi, kwa rai yangu, ndiyo iliyokuwa hoja nyepesi kuliko zote.

Yafaa kwanza tuijue yenyewe QEMU. Iliasisiwa na Mfaransa Fabrice Bellard, ikatolewa hadharani mwaka 2003, na kazi yake ya asili ilikuwa kuyachukua maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya prosesa ya namna moja na kuyafasiri papo kwa papo yawe maagizo ya prosesa ya namna nyingine, hata programu ikadhani kwamba imo ndani ya kompyuta yake ya kwao. Kijana wa Nairobi au wa Dar es Salaam anayetunga programu za simu, naye akafungua katika kompyuta yake simu ya Android ya kuiga ili aijaribu kazi yake, anautumia uzao wa QEMU, awe anajua au hajui. Baadaye mambo yaligeuka. Intel na AMD walitia katika prosesa zao, mwaka 2005 na 2006, uwezo wa kuhimili mashine pepe, yaani kompyuta inayoigwa ndani ya kompyuta nyingine, na KVM, programu iutumiayo uwezo huo, iliyobuniwa na Avi Kivity na wenzake, ikaingia katika Linux mwaka 2007. Tangu hapo, pale ambapo mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, na mwenyeji, yaani kompyuta inayoibeba, wana prosesa za namna moja, QEMU ilipumzishwa kazi ya kufasiri, maana prosesa yenyewe huyatekeleza maagizo ya mgeni moja kwa moja. Kazi iliyobaki mikononi mwake ikawa kumpa mgeni huyo mwili: saa, diski, kadi ya mtandao, na vidhibiti vyote ambavyo mfumo wa kompyuta huvitafuta unapoamka.

Mwili huo ndio uitwao aina ya mashine, na hapa ndipo historia inapoanza kututawala. Aina iliyozoeleka kuliko zote katika QEMU, ile iitwayo pc, inaiga vifaa vya Intel vya 440FX vya mwaka 1996. Mdogo wake, q35, anaiga vile vya mwaka 2007. Lakini ndani ya miili hiyo miwili mna viungo vikongwe zaidi: mna kidhibiti cha ishara za kukatiza, 8259, kilichokuwamo katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, mna kipima wakati 8254 na saa ya MC146818, vya kompyuta ya IBM ya mwaka 1984, katika pc mna kidhibiti cha flopi, ingawa wengi wa wanafunzi waliomo ukumbini humu hawajapata kuishika flopi, na prosesa yenyewe, hata ikiwa ni ya mwaka jana, huzinduka kila iwashwapo katika hali ya biti 16 ya 8086, iliyotoka mwaka 1978, kisha ikapandishwa daraja kwa daraja mpaka ifike zama zetu. Ni mithili ya nyumba ya ukoo ambamo kila marehemu ameacha sanduku lake, wala hapana mrithi anayethubutu kulitoa, kwa kuwa hapana ajuaye kwa yakini ni nani atakayekuja kuliulizia.

Nisieleweke kwamba naudhihaki uaminifu huo. Mfumo uliotungwa miaka thelathini iliyopita, na ambao labda bado unaendesha hesabu za benki au mitambo ya kiwanda, huamka ukatafuta viungo vile vile ulivyovizoea, usipovikuta hauwaki. Thamani ya QEMU, kwa sehemu kubwa, ni kule kutomwambia mgeni yeyote kwamba zama zake zimepita. Illa uaminifu huo una malipo yake, na malipo hayo yalidhihirika Mei 2015.

Mwezi huo Jason Geffner, mtafiti wa kampuni ya CrowdStrike, alitangaza hitilafu iliyopewa jina la VENOM. Ilikuwamo katika msimbo wa kidhibiti cha flopi, na ilikuwamo tangu mwaka 2004: mtu mwenye mamlaka ndani ya mashine pepe angeweza kukipelekea kidhibiti hicho amri zitakazofurisha ghala lake la data, na kwa njia hiyo akafungua mlango wa kutoka katika mashine yake na kuingia katika kompyuta ya mwenyeji, ambamo mna mashine za watu wengine. Hilo peke yake lilikuwa zito. Lakini uchungu wa mambo ulikuwa katika jambo la pili, kwamba hata msimamizi mwenye hadhari, aliyekwisha kuamuru kwamba mashine zake zisiwe na flopi, hakusalimika, kwa kuwa hitilafu nyingine ilikiacha kidhibiti kile kikiwa hai na chenye kusikiliza. Basi kwa miaka kumi na zaidi seva za makampuni makubwa zilibeba hatari kwa ajili ya kifaa ambacho hawakukiomba, hawakukitumia, na pengine walidhani wamekwisha kukiondoa. Mtu akiniuliza ushahidi ulio bora wa kuitetea mashine ndogo, sitamtajia milisekunde, nitamtajia flopi.

Milisekunde, hata hivyo, ndizo zilizowatia watu haraka. Novemba 2018 kampuni ya Amazon ilitoa Firecracker, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Rust juu ya KVM, yenye asili yake katika crosvm, iliyotungwa na Google kwa ajili ya Chromium OS. Amazon ilikuwa na huduma iitwayo Lambda, ambamo mteja huleta kipande cha programu tu, kikaendeshwa kwa muda mfupi kinapohitajika na kisha kikaondolewa. Na kumpa kila mteja mashine kamili yenye viungo vya mwaka 1981 kwa ajili ya kazi ya sekunde moja kulikuwa israfu isiyo na udhuru. Firecracker iliahidi kumwasha mgeni kwa muda usiozidi milisekunde 125, na kila mashine ikigharimu kumbukumbu isiyofika megabaiti 5 juu ya ile ya mgeni mwenyewe. Waundaji wake waliandika baadaye kwamba msimbo wao ulikuwa mistari takriban 50,000, ilhali wa QEMU ulizidi mistari milioni 1.4.

Kwa mfano wa Firecracker ndipo ilipobuniwa microvm, na yapasa nieleze jinsi ilivyokuwa fukara ilipozaliwa. Haikuwa na PCI, njia ambayo kwayo kompyuta ya kawaida hugundua vifaa vyake. Wala haikuwa na ACPI, majedwali ambayo kwayo mfumo huambiwa umbo la mashine na namna ya kuizima. Diski na kadi za mtandao zilikuja kwa njia nyepesi ya virtio-mmio, zisizidi nane, na kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuzitafuta, kiini cha Linux kiliambiwa anwani zake katika mstari wa maneno kinaopewa wakati wa kuamka. Kidhibiti cha 8259, kipima wakati na saa nilivyovitaja vilifanywa vya hiari: atakaye avitie, asiyetaka avitoe. Hapakuwa na programu dhibiti iwezayo kuwasha mfumo kutoka diski ya virtio-mmio. Kiini kilipaswa kuletwa na mwenyeji mwenyewe. Na mgeni alipotaka kujizima, hakuwa na swichi: njia aliyofundishwa ilikuwa kuiangusha prosesa kwa makosa matatu yaliyofuatana, jambo ambalo kwa desturi huifanya kompyuta ianze upya, na QEMU ikiwa imekwisha kuamriwa isianze upya, hutoka. Nakiri kwamba napendezwa na ujanja huo, ingawa sitamshauri mtu kuutumia katika hospitali.

Sasa tuzitazame hoja za kuikataa, kwa maana zilikuwa na uzito. Ya kwanza husema kwamba kilicho kizito katika q35 chaweza kupunguzwa mumo humo: programu dhibiti ibadilishwe, ukaguzi usio na lazima uondolewe, na sehemu kubwa ya muda itaokoka bila ya kuzaa mwana mwingine. Ya pili husema kwamba PCI si mzigo tu. Ina njia bora ya kupeleka ishara za kukatiza, ambayo virtio-mmio ya wakati ule haikuwa nayo, na mashine inayowaka upesi kisha ikafanya kazi polepole imemdanganya mwenyewe. Ya tatu ni ya wale wanaosema kwamba kama shida ni wingi wa msimbo, basi kuongeza msimbo si dawa, na anayetaka udogo aende Firecracker. Hoja hizi tatu zina majibu: kuhusu ya kwanza na ya pili, q35 hata ikipunguzwa hubaki na PCI, na kazi ya muda mfupi haina nafasi ya kufaidi kile PCI inachotoa, na kuhusu ya tatu, QEMU yaweza kujengwa pasipo vifaa visivyotakiwa, hata anayeihitaji microvm peke yake akapata programu ambayo haina msimbo wa flopi hata kidogo. Sitazikawilia.

Hoja ninayoikawilia ni ya nne, nayo haisemwi vya kutosha. Gharama ya aina ya mashine haimo katika mistari yake ya msimbo. Imo katika ahadi. Aina za pc na q35 zina nambari za matoleo, kwa sababu QEMU imeahidi kwamba mashine iliyowashwa chini ya toleo la zamani yaweza kuhamishwa, ikiwa ingali inafanya kazi, mpaka kwenye toleo jipya katika kompyuta nyingine, na mgeni asione tofauti yoyote katika mwili wake. Ahadi hiyo ni adhimu, na wenye kukodisha seva wanaiishi kila siku. Lakini kila toleo jipya huongeza nakala nyingine ya umbo la kale la kukumbukwa, kila hitilafu iliyosahihishwa yapasa ihifadhiwe kwa ajili ya wale waliozaliwa nayo, na wanaoubeba mzigo huo ni wachache, wengi wao wakiwa wameajiriwa na makampuni ambayo kesho huenda yakawa na shughuli nyingine. Kwa hiyo mtu akija na aina mpya mkononi, swali la kwanza la insafu silo la kasi yake. Ni kwamba umeahidi nini kwa niaba yetu, na kwa muda gani?

Na hapa ndipo microvm ilipostahili, naam, ilipostahili kuliko wengi wa wapenzi wake walivyojua. Haikuahidi karibu kitu. Haikuahidi kuhamishwa baina ya matoleo ya QEMU. Haikuahidi kwamba kifaa kitachomekwa mashine ikiwa imewashwa. Haikuahidi kuuamsha mfumo wa miaka thelathini iliyopita. Mgeni wake huzaliwa, akatenda, akaondoka, wala hamwachii mtu wasia. Tena, ili iweze kuingia, msimbo uliokuwa wa pc peke yake ulipasuliwa, na ile sehemu iliyo ya mashine zote za namna ya x86 ikatengwa peke yake, hata pc yenyewe ikasomeka kwa urahisi zaidi. Aidha ilitupatia kipimo: ukitaka kujua gharama ya PCI au ya ACPI, sasa unazo mashine mbili zenye asili moja, moja inayo na nyingine haina, na tofauti baina yao haiwezi kusingiziwa lugha ya Rust wala ustadi wa Amazon.

Wapo waliotaka njia ya kati, ya kuichukua QEMU yote, kuikata matawi, na kuiita kwa jina jingine. Intel ilijaribu hivyo mwaka 2018 kwa mradi wa NEMU, na mradi huo uliachwa, nguvu zake zikahamia Cloud Hypervisor, iliyoandikwa upya kwa Rust. Sioni ajabu. Anayelikata tawi hulazimika kuendelea kulikata kila mwaka, kwa maana shina halimngoji.

Lakini sitakuwa mwadilifu nisiposema yaliyofuata. Desemba 2020, katika toleo la 5.2, microvm ilipewa ACPI, kwa hiari, na PCI ya kisasa, kwa hiari pia. Kila nyongeza ilikuwa na mantiki yake: mtu anataka kuizima mashine kwa adabu, mtu anataka vifaa zaidi ya vinane. Wala sizilaumu, madhali asiyezitaka hazimgusi. Ninachotahadharisha ni kwamba kiungo, hata kikizidi, hutolewa kwa mstari mmoja wa amri, ilhali ahadi haitolewi. Na kwa hiyo walinzi wa mashine hii wasikeshe wakihesabu vifaa vyake, bali wakeshe wakihesabu yale wanayowathibitishia watumiaji kwamba hayatabadilika.

Hukumu yangu basi ni kwamba aina hii ilistahili kuingia, na ingali inastahili kubaki. Siku itakapopewa nambari za matoleo kama za pc na q35, na kuahidiwa uhamisho baina ya matoleo hayo, haja ya kuwapo kwake itakuwa imekwisha, na itakuwa bora wakati huo kuifuta na kuitengeneza q35.