Seli za Mama, Damu ya Ndugu

Msikilizaji, leo tupo Huddinge, kusini mwa jiji la Stockholm, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Karolinska. Hapo mtoto wa kiume wa miaka 9, mgonjwa wa saratani ya damu, alipandikizwa uloto wa mtu asiye ndugu yake. Uloto ulishika, lakini balaa likazuka upande mwingine.

Ndani ya uloto mna seli shina zinazozalisha damu maisha yote. Mna pia chembe nyeupe, askari wa mwili. Zile za mtoaji zilimwona mtoto ndiye mgeni, zikamshambulia utumbo na ini. Akawa anaharisha mfululizo, na dawa za kutuliza kinga hazikufua dafu.

Daktari Katarina Le Blanc na wenzake wakachukua uloto wa mama yake. Wakatenga humo seli shina za aina nyingine, zisizotengeneza damu bali mifupa na mafuta, wakazikuza maabara, kisha wakamtilia mtoto mshipani. Kuharisha kukapungua, ini likapata nafuu. Taarifa ilichapwa mwaka 2004, na mwaka mmoja baada ya tiba mtoto alikuwa mzima. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya wagonjwa 55, na 30 kati yao dalili ziliisha kabisa. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo siuiti huo ushahidi wa mwisho. Na majaribio yaliyofuata yalitoa majibu yanayopishana. Hata hivyo, Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tiba ya jamii hiyo kwa watoto.

Sasa sikiliza hili, maana linatugusa sisi tunaoitwa hospitali kumtolea ndugu damu. Askari walewale wamo kwenye chupa ya damu ya kawaida. Mwili wenye kinga timamu huwaua. Wa mgonjwa aliyepandikizwa uloto hauwezi. Tena damu ya ndugu wa karibu ndiyo ya kuchungwa zaidi: chembe zake zinafanana mno na za mgonjwa, mwili unaziacha, nazo zikishaota zinashambulia. Ni nadra sana, ila ikitokea wengi hufa. Ndiyo maana damu wanayopewa wagonjwa hao hupigwa mionzi, kwa kawaida kipimo cha grei 25, ili chembe nyeupe zisizaliane huku nyekundu zikiendelea kubeba oksijeni.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, sasa inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Ukienda kumtolea damu mtoto wa namna hiyo, taja wazi undugu wenu. Na wewe mzazi, uliza kama chupa imepigwa mionzi.