Rili ya Bei Nafuu: Breki Kabla ya Beringi

Maboksi mawili yako juu ya kaunta ya duka la vifaa vya uvuvi. Moja limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba rili iliyomo ina beringi 13. Jingine linataja 4 tu. Bei zinakaribiana. Mnunuzi wa mara ya kwanza hunyoosha mkono kwenye 13, na mara nyingi huwa amechagua vibaya.

Maoni ya leo yanahusu rili ndogo ya kuvulia maji baridi, ile inayoning'inia chini ya fimbo, spuli yake ikiwa imetulia na upinde wa waya ukizunguka kuukunja mshipi. Mwenye pesa nyingi hana shida: akinunua ghali, kiwanda kimekwisha kumfikiria. Anayestahili kuelezwa ni yule mwenye fungu dogo, maana kwenye bei ya chini ndiko rili nzuri na rili mbovu hukaa rafu moja zikiwa zimevaa rangi zilezile.

Kifaa chenyewe kina zaidi ya karne. Mwaka 1905 Alfred Holden Illingworth, mwenye kiwanda cha sufu huko Bradford, Uingereza, alisajili hataza ya rili ambayo spuli yake haizunguki wakati wa kurusha. Uzi kiwandani mwake ulikuwa ukichomoka kwenye ncha ya kibiringo bila kibiringo chenyewe kuzunguka, naye akaona mshipi wa kuvulia unaweza kutoka vivyo hivyo. Ndiyo maana hata chambo chepesi huruka mbali: hakuna gurudumu zito la kusukuma. Baadaye kampuni ya Carpano & Pons, kutoka mji wa Cluses nchini Ufaransa unaojulikana kwa ufundi wa saa, ilitengeneza Mitchell 300, rili iliyovuka bahari na kuenea Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wapo wavuvi ambao bado wanaitumia ile ya babu zao.

Kwa Afrika Mashariki, mahali pazuri pa kuipima rili ya namna hii ni Ziwa Naivasha. Liko kwenye Bonde la Ufa, na maji yake ni matamu ingawa jirani zake, Elementaita na Nakuru, ni maziwa ya magadi. Samaki wa besi mwenye mdomo mpana aliletwa humo kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa starehe. Karpi alianza kuonekana kwenye mavuno mwanzoni mwa miaka ya 2000, na haukupita muda mrefu akawapita wenzake kwa wingi. Besi akinaswa huruka juu ya maji akitikisa kichwa. Karpi haruki, hukimbia tu, mzito, akielekea kwenye mafunjo na gugumaji. Katika hali zote mbili kinachoamua kama samaki atafika ukingoni ni jinsi breki ya rili inavyouachia mshipi.

Breki hiyo ni mrundiko wa washa zilizobanwa juu ya spuli au ndani yake. Samaki akivuta kupita kiasi kilichowekwa, spuli huteleza na mshipi hutoka badala ya kukatika. Breki nzuri huanza kuteleza bila mshtuko na huendelea kwa nguvu ileile. Breki mbaya hung'ang'ania kwanza, kisha huachia ghafla kama daladala inayoondolewa na dereva anayejifunza. Mshipi hukatika katika ile nukta ya mwanzo, kabla mvuvi hajajua kilichotokea. Washa za kaboni huvumilia joto na huteleza vizuri; washa za manyoya yaliyoshindiliwa nazo zinafaa kabisa kwa perege, besi na kambare wa wastani, mradi zimepakwa grisi na hazijakauka.

Hapa kuna namba nyingine ya boksi inayohitaji kutazamwa kwa makini. Rili ndogo hujisifu kuwa na breki ya kilo 8 au hata 10. Lakini mvuvi wa maji baridi hufunga mshipi wa ratili 8, yaani kama kilo 3.6, na kawaida ya wavuvi ni kuweka breki kati ya robo na theluthi ya uwezo wa mshipi. Hiyo ni kati ya kilo 0.9 na 1.2. Zile kilo nyingine hazitaguswa kamwe! Tena, kadiri mshipi unavyotoka, duara la mshipi uliobaki kwenye spuli hupungua, na breki ileile huzidi kuwa nzito kwa samaki. Likipungua kutoka sentimita 4.5 hadi 3, mvutano huongezeka kwa nusu nzima bila mvuvi kugusa kitu. Anayeacha breki imekaza tangu mwanzo humkosa samaki akiwa tayari mbali.

Sasa beringi. Si kwamba hazina maana. Zina maana zikikaa pale kazi ilipo: pande mbili za gia kuu, kwenye gia ndogo inayozungusha rota (sehemu inayobeba upinde wa waya), na kwenye kiroli ambacho mshipi hupita juu yake. Nne au tano zinatosha. Zaidi ya hapo kiwanda kinazijaza kwenye vishikio na pembe nyingine ambako mkono hautahisi tofauti. Na kwa kuwa bei ya rili ni ileile, pesa ya beringi 13 lazima itoke mahali, nayo hutoka kwenye ubora wa beringi zenyewe, kwenye gia na kwenye breki. Beringi duni isiyo na kifuniko huingiza mchanga, hushika kutu, kisha huanza kulia.

Kwa hiyo rili ipimwe kwa mkono. Mnunuzi aizungushe polepole, si kwa kasi; kasi huficha makosa. Gia zikikwaruza zikiwa mpya, hazitapona. Ashike mpini autikise mbele na nyuma aone kama una nafasi kubwa ya kucheza. Aishike rota kwa vidole na kuibinya kidogo, kwa sababu mwili wa plastiki dhaifu hupinda samaki anapovuta na gia huacha kukutana sawasawa. Atazame kiroli: kinapaswa kuzunguka chenyewe mshipi ukipita. Kiroli kilichoganda huukata mshipi polepole siku nzima, na mvuvi atawalaumu samaki au mshipi wenyewe.

Ukubwa si suala gumu. Namba 2500 inatosha kwa Naivasha, kwa Bwawa la Masinga, na kwa perege na kambare wa Mtera kule Tanzania. Anayevua samaki wadogo kwenye mabwawa ya shamba achukue 1000. Uwiano wa gia wa karibu 5 kwa 1, maana yake mpini ukizunguka mara moja rota huzunguka mara 5, ni wa kazi nyingi; kasi kubwa zaidi haimfai anayeanza. Sangara wa Mto Nile chini ya Maporomoko ya Murchison, Uganda, hayumo kabisa katika hesabu hii. Kwa samaki huyo rili ya bei nafuu ya 2500 ni kujitafutia hasara.

Mifano ya rili zinazojiheshimu ipo. Shimano, kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1921 ikitengeneza vipuri vya baiskeli na ambayo jina lake limeandikwa kwenye gia za baiskeli nyingi barabarani, ina Sienna, mojawapo ya rili za bei ya chini katika orodha yake na yenye beringi chache tu. Pflueger ya Marekani ina President, ambayo kwa miaka mingi imeuzwa huko kwa bei isiyozidi sana dola 60, na ulaini wake umewashangaza watu waliozoea za bei mara mbili. Hizi si amri. Ni ushahidi kwamba bei ya chini haimlazimishi mtu kununua takataka.

Sehemu ya pesa ibaki kwa ajili ya mshipi. Rili nzuri yenye mshipi uliozeeka ni bure. Spuli ijazwe hadi milimita 2 hivi kabla ya ukingo. Ikijaa mno mshipi hufumka mafundo, ikipungukiwa chambo hakifiki mbali. Anayetumia uzi wa kusuka atangulize nailoni kidogo chini yake, la sivyo uzi wote utateleza kwenye spuli na mvuvi atadhani breki imekufa. Upinde wa waya ufungwe kwa mkono baada ya kurusha, mshipi usijisokote. Jioni breki ilegezwe, washa zipumzike.

Anayeagiza mtandaoni hawezi kutikisa mpini wala kuvuta mshipi, basi achague modeli ambayo kampuni yake hutoa michoro ya vipuri, kama zifanyavyo Shimano na Daiwa, ili fundi apate pa kuanzia siku kitu kitakapovunjika. Na wenye maduka wana deni lao. Waitoe rili moja ya kila aina kwenye boksi, waifunge kwenye fimbo, waitie mshipi, na kando yake waweke mizani ya springi. Mteja avute mwenyewe aone sindano inapanda taratibu au inaruka, kabla hajatoa pesa.