Kabla ya Kununua Monita, Tuangalie Kadi

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za sharika, Kinyangiri)



Usharika mmoja ulituletea ombi la monita kumi za darasa la kompyuta la vijana. Sababu: herufi zina ukungu, wanafunzi wanaumwa kichwa. Kamati ilikwisha kutenga fedha za mavuno. Tukaomba tuangalie kwanza. Tulipobadilishana monita kati ya kompyuta mbili, ukungu haukuhama. Ulibaki na kompyuta yake.

Tundu lile la bluu lenye vishimo 15, yaani VGA, lililoletwa na IBM mwaka 1987, halipeleki tarakimu. Kadi ya picha hugeuza tarakimu kuwa umeme unaopanda na kushuka kati ya sifuri na volti 0.7, njia moja kwa kila rangi: nyekundu, kijani na bluu. Picha ya nukta 1024 kwa 768 ikichorwa mara 60 kwa sekunde, hizo ni nukta zaidi ya milioni 47 kila sekunde. Umeme ukichelewa kupanda, kingo za herufi zinafifia. Waya ukiwa mbovu, herufi inaota kivuli pembeni. Wanakwaya wanalijua jambo hili: spika nzuri, waya mbovu, sauti inakoroma.

Na jina la chipu halitoshi. Zamani kadi mbili zenye chipu ileile, kwa mfano GeForce2, zingeweza kutofautiana, kwa kuwa chipu moja iliuzwa kwa watengenezaji wengi wa kadi. Wengine walibana gharama kwenye vichujio vidogo vya karibu na tundu, ambavyo kazi yake ni kuzuia kelele za redio. Kichujio hafifu hula na picha. Matrox hazikuvuma sana kwa michezo, lakini watu wa maofisini walizisifu kwa herufi safi.

Tulilinganisha kwa monita moja, waya mmoja na ukurasa uleule wa herufi ndogo nyeusi. Kubadili vitu viwili kwa mara moja ni kama kupima alizeti kwa mizani mbili. Kwenye monita bapa, bonyezeni kwanza kitufe cha kujirekebisha. Sisi tulikisahau, tukapoteza asubuhi nzima.

Matokeo: kompyuta sita zilipona kwa waya mfupi na mnene, tatu kwa kubadilishiwa kadi. Moja tu ndiyo iliyokuwa na monita mbovu. Fedha zilizobaki kamati imezipeleka kwenye paa.

Ndugu wafadhili, mtuwie radhi kwa neno hili. Desemba 2010 Intel na AMD walitangaza kuwa wangeachana na VGA kufikia 2015, ila kompyuta tunazopewa nyingi bado zinayo. Mkiweza, tuleteeni zenye DVI ya tarakimu au HDMI, pamoja na monita zinazopokea hivyo. Hapo tarakimu husafiri zenyewe, na tofauti hii ya kadi haitusumbui tena.

Kadi mbili tumekuja nazo. Baada ya chakula tutaziwasha kwenye ofisi ya usharika, kila mmoja ajionee.