Kukata mashauri tukijua hatuoni yote

Mazungumzo na viongozi wa bloku na jamaa zilizokimbia vita



Kamati imeniomba niseme juu ya namna ya kukata mashauri hapa kambini. Sitaanza na sheria. Nitaanza na jambo tunalolijua wote: mtu haoni yote. Macho yana mwisho, kumbukumbu ina mwisho, na mwenye njaa au asiyelala usiku huona vibaya zaidi. Hiyo si dhambi, ndivyo tulivyo. Lakini tukiamua kana kwamba tunaona yote, tunaumizana.

Wengi wenu mlikuwa Goma au karibu nayo mwaka 2021. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, Nyiragongo ilipasuka bila watu kuonywa. Hata wataalamu wanaochunguza volkano walikuwa wakiona nusu tu, maana fedha za kazi yao zilikatika mwaka uliotangulia. Tarehe 27 Mei, serikali ya jimbo iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji iondoke. Ardhi ilikuwa ikitetemeka usiku na mchana, barabara zimepasuka, na wataalamu wakasema kuna moto chini ya mji na chini ya ziwa. Watu wakashika njia ya Sake, wengine Rutshuru, wengine Rwanda, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Moto haukutoka tena. Tarehe 7 Juni serikali ikatangaza kwamba watu waanze kurudi polepole.

Wako waliosema: “Wametutesa bure.” Mimi sikubaliani nao. Anayeamua apimwe kwa yale aliyoweza kujua siku ile, si kwa yale tuliyoyajua sisi siku 11 baadaye. Tena, ukiondoka bure, unarudi nyumbani. Ukibaki na moto ukatoka, hakuna wa kurudi.

Ila msidhani kutojua kunafunika kila uzembe. Kwamba maelfu ya watu wakifika Sake watahitaji maji na vyoo, hilo halikuhitaji chombo cha kupima matetemeko. Mama yeyote anayechota maji angelisema, kama angeulizwa. Watu walilala makanisani, mashuleni na barabarani, na hofu ya kipindupindu ikaja juu ya hofu ya volkano. Hapo lawama ni ya haki.

Sasa tuje hapa kwetu. Kila mara orodha ya turubai inapotoka, nasikia: kiongozi ameandika jamaa yake. Pengine ni kweli, wezi wapo. Lakini nimekaa na viongozi wakiandika, nikaona jambo jingine. Mtu akiandika kwa kichwa, huanza na anaowajua: wa kijiji chake, wa lugha yake, wa kanisa lake. Anayesahauliwa ni mjane aliyefika juzi usiku, na wale watoto wanaoishi bila mkubwa. Kiongozi hakuwa na nia mbaya, na watoto wananyeshewa vilevile. Kwa hiyo kumwomba kiongozi awe na moyo safi hakutoshi. Orodha iandikwe kwa kupita hema kwa hema, na watu wawili wa vijiji tofauti, mmoja wao mwanamke. Isomwe kwa sauti mbele ya wote. Na bloku moja ikaguliwe na watu wa bloku nyingine, hata kama wazee fulani watanuna.

Kuna neno zito zaidi. Mnakumbuka usiku ule kijana alipokutwa karibu na bomba la maji, ana simu mbili mkononi. Watu walipiga kelele “mpelelezi!”, na mawe yakaanza kuokotwa. Mzee mmoja wa bloku alisimama mbele yake. Hakusema kijana hana kosa. Alisema: “Simjui huyu, na nyinyi hammjui. Tungoje kuche.” Kulipokucha alikuja shangazi yake, akilia: simu moja ilikuwa yake, alimtuma akaichajishe.

Na kama ingeonekana ni mpelelezi kweli? Asubuhi angekuwa bado yupo, tungempeleka kwa wenye sheria. Ni vilevile kwa bibi anayeitwa mchawi kwa sababu mtoto wa jirani amekufa kwa homa. Aliyepigwa mawe hatumrudishi.

Najua mtauliza: “Mwanangu, ukingoja kuche, wenye silaha watangoja?” Ni swali la haki. Mkisikia risasi, msingoje ushahidi, chukueni watoto mwende. Mkikosea mtarudi mmechoka tu. Hofu iwafanye mkimbie mapema. Isiwafanye mpige mapema.

Kesho kutwa saa mbili asubuhi tunaanza kupita hema kwa hema katika bloku ya kwanza. Wazee, tafadhali tupeni mtu mmoja kutoka kila kijiji. Anayejua mjane au watoto walioachwa nje ya orodha iliyopita, aje na majina yao. Asiyeweza kutembea atume jirani.