Hatari ya Kuzoea Dawa za Kuendesha Choo



Kufunga choo ni maradhi yasiyotajwa mkutanoni kwa sababu ya haya. Lakini haya hiyo ndiyo inayompeleka mtu kimya kimya kwenye duka la dawa, akanunua dawa za kuweka katika njia ya haja kubwa, akazitumia miezi mingi bila mganga kujua.

Chukueni mfano wa karani wa mizani katika msimu wa kununua mazao. Tangu alfajiri yuko ghalani. Maji hanywi ili asiondoke mizanini. Haja ikimjia, huizuia hadi jioni. Chakula chake ni ugali wa sembe usio na mboga. Utumbo mpana huendelea kufyonza maji ya choo kilichokaa, kikawa kikavu na kigumu. Hatimaye hununua dawa, na katika muda wa saa moja hupata nafuu. Hapo ndipo mtego unapotegwa.

Dawa hizo aghalabu ni za namna mbili. Za gliserini huvuta maji na kulainisha choo. Za bisakodili, ambazo kipimo cha mtu mzima ni miligramu 10, huchochea utumbo usukume, nazo hufanya kazi katika dakika 15 hadi 60. Zikitumiwa mara moja moja zina manufaa. Lakini zisipite juma moja mfululizo pasipo shauri la mganga.

Madhara ya kuzidisha ni manne. Kwanza, ngozi laini ya ndani huwashwa na kuvimba, hata ikatoa damu au ute. Pili, mtu huacha kuuitikia mwito wa mwili wake, akangojea dawa. Tatu, akiharisha mno hupoteza maji na potasiamu, madini yanayohitajiwa na misuli na moyo. Hulegea, na mapigo ya moyo yaweza kwenda kombo. Wazee wamo hatarini zaidi. Nne, na hili ndilo kubwa, nafuu ya muda huficha ugonjwa, kama vile uvimbe au kansa ya utumbo. Kasha la fedha likipungua, katibu mwema hazibi pengo kwa fedha za kukopa, hutafuta chanzo.

Yafaa pia kujua kwamba si lazima kila mtu apate choo kila siku. Kuanzia mara 3 kwa siku hadi mara 3 kwa juma ni kawaida, ikiwa choo ni laini. Wako wanaojitia dawa bila kuwa wagonjwa.

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946, aliona kwamba wanavijiji waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi walipata choo kikubwa na laini, na maradhi ya utumbo yaliyoenea Ulaya yalikuwa haba kwao. Katika miaka ya 1970 aliwahimiza watu wa nchi tajiri warudie vyakula vya namna hiyo. Basi dawa ya kwanza imo mashambani mwetu: unga wa dona, maharage, kunde, mchicha, mapapai na maembe. Viongezwe kidogo kidogo, pamoja na maji ya kutosha. Mtu aende msalani baada ya chakula cha asubuhi, wakati utumbo unapoamka, wala asiizuie haja. Anayemeza vidonge vya chuma vya kuongeza damu amweleze mganga, kwani navyo hufunga choo.

Mwenye kuona damu katika choo, kukonda bila sababu, au mabadiliko ya choo yasiyokwisha, aende hospitali upesi. Na mwenye maumivu makali ya tumbo, kutapika au tumbo kujaa, asijiwekee dawa kabisa: huenda utumbo umeziba.

Makatibu nao wapange zamu mizanini, na kila ghala liwe na maji ya kunywa na choo safi. Afya ya mwanachama ndiyo hisa ya kwanza ya chama.